Presha Inashuka

Saa ile niliitaka mwenyewe. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye niliichukia kama mtu aliyevalishwa pingu, na sipendi kuonewa huruma nisiyostahili. Ni saa ya marubani, nene, nyeusi, ya kuvaa mkononi. Inahesabu mapigo ya moyo, inapima oksijeni iliyomo kwenye damu, inapima uzito wa hewa ya nje, na ndani yake kuna ramani ya viwanja vyote vya ndege vya ukanda wetu, hata vile vya majani ambavyo ng'ombe wanalala katikati. Ukibonyeza kitufe cha juu mara mbili, unatokea mshale unaoelekea kiwanja kilicho karibu kuliko vingine, na chini yake kilomita zilizobaki.

Niliitaka kwa sababu ya baba. Baba alianguka shambani Maretadu, katikati ya maharage, asubuhi ya palizi, jembe likiwa bado mkononi. Watu waliokuja msibani walisema presha ilimpanda. Hakuna aliyewahi kumpima hata siku moja, lakini kwetu presha ni neno lisilosubiri kipimo. Wakati huo nilikuwa nimeshapata leseni ya urubani, nikaanza kujisikiliza kama mtu anayesikiliza mwizi nje ya nyumba. Nikipanda ngazi moyo ukaenda mbio, nasimama. Nikilala ubavu wa kushoto nikasikia mapigo sikioni, nageuka. Nikajiambia kwamba nikipata chombo cha kunipa namba, nitatulia. Ujinga mtupu.

Kazi yangu ilikuwa kurusha ndege ndogo ya injini moja inayobeba chanjo na kliniki ya mama na mtoto. Tulikuwa tunaondoka nyanda za juu za Mbulu asubuhi, tunatua tambarare zilizo chini ya Mlima Hanang, tunarudi mchana kabla mawingu hayajaufunika mlima. Kwa gari ni safari ya kukuvunja mgongo. Kwa ndege ni kama nusu saa. Abiria wangu wa kudumu alikuwa nesi mmoja mzaliwa wa Gendabi, mtoto wa wafugaji, aliyenizidi miaka kumi na ushee. Sijawahi kumsikia akipaza sauti, hata siku tuliyotua tukakuta fahali amesimama katikati ya uwanja. Kila asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, sista," naye akajibu, "Marahaba, kapteni," na hilo kapteni alilitamka polepole, kwa uangalifu, kama anavyosoma majina ya dawa.

Siku za mwanzo nilijishaua sana na saa ile. Niliivaa mkono wa kulia, ule unaoshika wenzo wa nguvu ya injini, kwa hiyo nesi aliyekaa kulia kwangu aliiona vizuri. Nilimwonyesha oksijeni ya damu yangu inavyoteremka kidogo tukipita juu ya milima, na nikamfundisha kubonyeza kitufe cha juu mara mbili. Aliupenda sana ule mshale. Alikuwa akiubonyeza tukiwa angani na kusema, "Kumbe kiwanja kiko huku," kisha anatazama nje kuhakikisha kama saa haisemi uongo.

Wiki ya tatu, tukiwa juu ya Endasak, saa ikatetemeka. Chini yetu mashamba ya mahindi yalikuwa yametulia kwenye miteremko ya mlima, pikipiki moja inapandisha na vumbi lake. Nilitazama mkono nikitegemea ujumbe wa kawaida, kwamba betri imepungua au nimekaa muda mrefu bila kusimama. Ilikuwa imeandika kwamba mapigo ya moyo wangu hayana mpangilio, na kwamba nimwone daktari.

Nilisikia sauti ya injini ikienda mbali, ingawa injini haikuwa imebadilika hata kidogo. Nilivuta shati likafunika saa, nikatua salama, nikapakua masanduku ya chanjo, nikacheka na watu. Jioni ile nilisoma kila nilichokipata kwenye simu kuhusu saa na mioyo, na nikachagua cha kuamini. Mkanda ukilegea saa inakosea. Kahawa inakoroga mapigo. Mtetemo wa injini ndogo unaweza kuichanganya. Yote hayo ni kweli, na ndiyo sababu yalinifaa.

Sheria ya kazi yetu haina kona. Rubani anayejua ana tatizo la moyo anatakiwa aseme kabla hajagusa ndege tena. Ukisema, unasimamishwa hadi daktari wa marubani akupime, na akikukuta na kitu huenda usirudi kwenye usukani maisha yako yote. Niliitafuta kazi ile miaka kumi na miwili. Nilikuwa mtoto wa kike wa Maretadu aliyeambiwa na kila mtu kwamba ndege ni za watu wa mjini, na nikazirusha. Sikuwa tayari kuvuliwa urubani na kitu cha plastiki.

Basi nikakaa kimya. Saa ikaniambia mara ya pili, mara ya tatu. Kila ilipotetemeka moyo ulinipiga paa, na ukishapiga paa saa inauona unaenda mbio, inatetemeka tena. Ikawa sijui kama naumwa au natishwa. Mama alikuwa ananipigia simu kila asubuhi kabla sijaondoka, kuniuliza kama nimeamka salama, na kila asubuhi nilimjibu, "Salama, mama," huku nimejishika shingoni kwa vidole viwili. Nilianza kuwa mkali. Nilimfokea fundi wa ndege kwa ajili ya ngazi iliyosogezwa hatua moja. Ilipofika mara ya tisa, nikakaa kitandani nikachokonoa mipangilio ya saa mpaka nikaizima ile tahadhari ya moyo. Nilifurahi kama niliyepona. Sikugundua kwamba katika kuchokonoa huko, nilikuwa nimewasha tahadhari nyingine.

Kesho yake tuliondoka kama kawaida. Asubuhi ilikuwa ya baridi, umande umejaa kwenye mabawa. Nesi alipanda na kapu lake, akafunga mkanda, akavaa visikizio masikioni. Tuliruka, tukaanza kupanda, na kabla hatujamaliza kupanda saa ikatetemeka.

Nilikuwa nimeizima! Kwa dakika nzima sikuthubutu kutazama. Nilipotazama, nikakuta picha ya wingu na mshale mdogo unaoelekea chini. Haikuwa moyo. Ilikuwa tahadhari ya dhoruba. Saa ilikuwa imepima hewa ya nje, ikaona uzito wake unapungua haraka, ikadhani mvua kubwa inakuja, kumbe ni sisi tu tunaopanda. Juu hewa ni nyepesi, kila rubani anajua. Uzito huo wa hewa sisi marubani tunauita presha, hatuna neno lingine. Nilifarijika hadi nikaegemea nyuma, nikafumba macho kidogo na kushusha pumzi ndefu iliyosikika hadi kwenye visikizio.

"Saa inasemaje, kapteni?" nesi akaniuliza.

"Presha inashuka," nikamjibu. "Usijali, sista. Itakaa sawa tukishatua."

Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja alilolisikia kama nilivyolisema. Kwa mtu wa hospitali, na kwa kila mtu wa kwetu, kuna presha ya kupanda na kuna presha ya kushuka, na zote mbili ni za damu ya binadamu. Mwenye presha ya kushuka anaona giza, anaishiwa nguvu, anazimia. Nesi alikuwa amekaa angani na rubani aliyefumba macho, aliyeshusha pumzi, na kumwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba presha inashuka.

Hakupiga kelele. Alifungua kapu, akatoa chupa ya soda, akaifungua na kuniwekea mkononi. "Kunywa kwanza," akasema.

"Asante sista, sina kiu."

"Kunywa, kapteni."

Nilikunywa, maana sauti yake ilikuwa ile anayoitumia akiwachoma watoto sindano. Akanipa na biskuti. Kisha akaniuliza ule usukani ukivutwa nyuma ndege inafanyaje, na ukisukumwa mbele inafanyaje. Nikamweleza. Akauliza nguvu ya injini inapunguzwa vipi. Nikamweleza hilo pia, nikifurahi kwamba anajifunza. Halafu akaubonyeza mshale wa saa, akautazama, akatazama nje, akaubonyeza tena. Mwisho akanishika kifundo cha mkono wa kulia kwa vidole vitatu, na hakuniachia.

Nilidhani anaogopa. Kulikuwa na upepo kidogo ukitikisa ndege karibu na mlima, na nikamwonea huruma, mtu mzima mwenye heshima zake amefika mahali pa kunishika mkono. "Usiogope, sista," nikamwambia. "Tunafika sasa hivi."

"Wala siogopi," akajibu. "Wewe pumua tu."

Tulitua. Alishuka haraka kuliko kawaida yake, akaenda pembeni na simu yake. Nilikuwa bado naweka vizuizi kwenye magurudumu simu yangu ilipolia. Alikuwa mkuu wetu wa kazi, mzee aliyewahi kuwa rubani kabla macho yake hayajachoka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Usiwashe hiyo ndege. Kaa hapo hapo ulipo."

"Kuna nini?"

"Nesi ameniambia presha yako imeshuka angani. Binti, kwa nini hukugeuza ukarudi?"

Nilitazama saa, nikatazama lile wingu dogo. Kisha nikaanza kucheka. Nilicheka kicheko kibaya, cha mtu aliyekaa wiki kadhaa tumbo joto, na nikamweleza: presha ya hewa, mzee, tahadhari ya dhoruba, tulikuwa tunapanda. Mzee naye akacheka hadi akakohoa. Akasema hadithi hiyo atawasimulia watu mpaka astaafu. Akasema, "Basi fanyeni kazi mrudi mapema."

Nilikuwa nimepona kwa mara ya pili ndani ya siku mbili. Nilimwendea nesi nikamweleza na yeye, nikimwonyesha picha ya wingu. Aliweka mkono mdomoni. Akacheka mpaka machozi, mabega yanatikisika, bila sauti. "Nimekunywesha soda yangu bure," akasema. Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaacha kucheka.

"Ya hewa nimeelewa," akasema. "Lakini nilikushika mkono, kapteni. Nilihesabu dakika nzima, nikarudia, nikarudia tena. Inapiga, inaruka, inapiga mbili za haraka, inaruka."

"Ni hofu tu. Ni upepo ule."

"Huenda."

"Umemwambia mzee?"

"Nilimwambia ulichosema wewe. Hicho nilichohesabu sijamwambia." Alinyanyua sanduku la chanjo. "Huo moyo ni wako. Wewe ndiye unayeujua."

Nilikasirika. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilikasirika kweli, kama mtu aliyefumwa. Kina mama walikuwa wameshapanga foleni, wakulima walioshuka kutoka miteremkoni na wafugaji wa tambarare pamoja, watoto mgongoni, kadi za kliniki mkononi. Nesi akaanza kazi. Mimi nikakaa kivulini chini ya bawa la ndege na kuifungua kumbukumbu ya saa. Nilikuwa nimezima tahadhari, sikuwa nimezima kipimo. Yote yalikuwa yamehifadhiwa humo, siku na saa. Zilikuwa mara tisa nilizozijua, na mara nne ambazo sikuambiwa kwa sababu nilikuwa nimeifunga mdomo. Moja ya hizo nne ilikuwa ya asubuhi ile ile, wakati wa kutua, ndege ikiwa mita chache juu ya majani.

Nilijaribu kuhesabu mwenyewe shingoni nikashindwa kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa haraka mno. Niliogopa kufa, hilo nalikubali, lakini siku ile niliogopa zaidi kuulizwa kazi yangu na kukosa jibu. Nikaamua kurudi Mbulu kwanza. Nusu saa tu. Nikifika nitajua la kusema, au nitakwenda kwa daktari wa mbali asiyenijua, au nitabadilisha saa. Mtu mwenye hofu hakosi mipango.

Saa saba mchana kliniki ilikuwa imekwisha na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika kileleni. Nilikagua ndege, nikatoa vizuizi, nikapanda. Nesi akapanda upande wake, akafunga mkanda na kuuvuta ukambana, akaweka kapu miguuni. Nikawasha injini. Nikasubiri mishale ya vipimo vya oili ipande. Nilipogeuka kumuuliza kama yuko tayari, nikaona ana karatasi mapajani, imetolewa katikati ya daftari la kliniki, na midomo yake inacheza kama mwanafunzi anayekariri kabla ya mtihani.

"Nini hiyo, sista?"

"Ya kwangu tu."

"Nione."

Akanipa. Mwandiko wake ni ule wa kadi za watoto, mkubwa na ulionyooka. Akizimia, mlegezee mkanda kidogo, mwegemeze nyuma, asilalie usukani. Usivute ghafla. Bonyeza kitufe cha juu mara mbili kwenye mkono wake. Fuata mshale. Punguza nguvu ukiona kiwanja. Usiache kichwa chake kianguke mbele.

Karatasi iliteleza vidoleni mwangu ikageuka. Nyuma alikuwa ameandika majina ya watoto wake wawili, darasa la kila mmoja, na jina la dada yake, na maneno haya: awachukue yeye, wasipelekwe kwa baba yao.

Nilijua ana watoto. Nilishawahi kumsikia akiwapigia simu kuuliza kama wamekula. Lakini wiki zote zile, kila saa ilipotetemeka, nilikuwa nimeona leseni yangu, shamba la baba, kazi yangu, jina langu. Kiti cha kulia sikuwa nimekitazama hata mara moja. Na mwanamke huyu alikuwa amehesabu mapigo yangu, akajua, akapanda hata hivyo, kwa sababu ndiyo kazi na ndiyo njia ya kurudi nyumbani, na kwa sababu aliniachia mimi niseme.

Nikazima injini. Propela ilizunguka kidogo, ikasimama.

"Kuna hitilafu?" akauliza.

"Ndiyo," nikasema. "Shuka, sista."

Nilimpigia mzee pale pale nikiwa kwenye kiti. Alianza kucheka aliposikia sauti yangu, akadhani nimeleta kichekesho kingine. Nikamwomba asikilize. Nikamsomea kumbukumbu za saa, moja baada ya nyingine, zote kumi na tatu, na kwa kila moja nikamtajia tulikuwa wapi na nani alikuwa ndani ya ndege. Hakunifokea, na nadhani ningependa anifokee. Alisema, "Funga ndege vizuri. Nakuja na gari."

Tulimsubiri kwenye majani hadi jua likapoteza makali. Nesi alitoa mashine yake ya kupimia, na safari hii nikampa mkono. Hakunificha alichokiona, lakini mimi sitakiandika hapa. Kiko kwa daktari, na hadi leo sijarudishiwa usukani. Asubuhi nasikia ndege ikipita juu ya paa la mama, ninakolala siku hizi, ikiendeshwa na mtu mwingine, na bado roho inaniuma.

Gari lilichelewa barabarani siku ile. Watoto wa nesi walichukuliwa na mama yao mkubwa wakalala kwake, kama karatasi ilivyoagiza. Asubuhi yake nesi alikwenda kuwachukua mwenyewe, kwa miguu.